Bujumbura Nayo ni Mji wa Waswahili

Siku moja darasani tulipewa zoezi la kuandika insha yenye kichwa "Mji wa Waswahili". Kila mmoja alikuwa huru kuchagua mji anaoutaka. Insha zilipokusanywa, zilikuwa zimekwenda Lamu, Mombasa, Kilwa, Bagamoyo na, kwa wingi zaidi, Unguja Mjini. Tulieleza milango ya nakshi, baraza, majahazi na karafuu. Wengi wetu hatujawahi kuiona bahari. Hakuna hata mmoja aliyeandika juu ya Bujumbura, ingawa baadhi yetu tumezaliwa Buyenzi, na ingawa karibu sote tulikuwa tumepita Asiatique wiki hiyo hiyo kununua kitu, tukauliza bei kwa Kiswahili, tukabishana kwa Kiswahili na tukapunguziwa kwa Kiswahili. Mwalimu hakushangaa. Sisi pia hatukushangaa. Ninaandika insha hii kwa sababu nadhani tulipaswa kushangaa.

Hoja yangu ni hii: Bujumbura ni mji uliojengwa kwa Kiswahili. Lugha hii hapa kwetu si mgeni aliyeletwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, wala si somo lililoshuka kutoka Dar es Salaam. Anayesema vinginevyo, awe mwanasiasa, mwandishi wa vitabu vya historia au mwanafunzi wa Kiswahili kama mimi, anausoma mji huu kwa ramani iliyochorwa na Wabelgiji. Ramani hiyo iliwagawa watu katika mitaa kwa rangi na kwa asili, ikaifungia lugha ndani ya mtaa mmoja, kisha mtaa huo ukahesabiwa kuwa wa wageni. Utawala wa Wabelgiji ulikwisha mwaka 1962. Ramani yao bado tunatembea nayo kichwani.

Tuanze na mwanzo wenyewe. Ukisoma maelezo mafupi ya historia ya mji huu, utakuta yanaanza siku Wajerumani walipojenga kituo cha kijeshi mwishoni mwa karne ya 19 na kukiita Usumbura. Kabla ya hapo, tunaambiwa, palikuwa na kijiji cha wavuvi. Basi, imetosha. Ugonjwa huu wa kuhesabu umri wa mji kuanzia ngome si wetu peke yetu. Huko Kanada kuna mji mdogo unaoitwa Kingston, kando ya Ziwa Ontario, ambao hadithi yake huanzishwa na ngome ya Wafaransa ya mwaka 1673, kana kwamba jina la Cataraqui, ambalo mahali hapo palijulikana kwalo, halikutoka kwenye kinywa cha mtu. Mji huo nao uliwahi kuwa makao makuu, kuanzia 1841 hadi 1844, kisha heshima hiyo ikahamishiwa kwingine, kama Gitega ilivyopewa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019 na Bujumbura ikabakiwa na biashara. Inaelekea miji ya kando ya maziwa ina bahati moja: mwenye bunduki huandikwa, mwenye mtumbwi husahauliwa.

Lakini wenye mitumbwi walikuwepo. Nchi hii ya ncha ya kaskazini ya Tanganyika iliitwa Uzige kabla Mjerumani hajaiona. Richard Burton na John Speke walipofika Uvira mwaka 1858, walifuata njia ambayo wafanyabiashara wa pwani waliijua tayari. Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi kuja kutazama kama Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Waliona kwamba unaingia. Kusini kidogo ya mji wetu, pale Mugere, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina yao na tarehe, 25 Novemba 1871. Wageni hupelekwa kupigwa picha pale, na sisi tulipokuwa shule ya msingi tulipelekwa pia. Mabwana hao wawili walilala hapo wakaenda zao. Hakuna jiwe la waliopiga makasia. Hakuna jiwe la mkalimani ambaye bila yeye wasingeweza hata kuomba maji ya kunywa kwa machifu wa Uzige. Hakuna jiwe la mchuuzi wa Ujiji aliyekuwa akipita na shanga, chumvi na nguo miaka mingi kabla yao, na ambaye aliendelea kupita baada yao.

Hapa ni lazima niseme jambo ambalo watetezi wa Kiswahili hupenda kuliruka. Katika mitumbwi hiyo hamkuwa na chumvi na nguo tu. Mlikuwa na watu waliofungwa. Muhammad bin Khalfan, anayejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, aliyekuwa na makao yake Ujiji, alifanya vita na biashara ya watumwa na pembe katika ukingo huu wa ziwa, na akajaribu kupenya hadi ndani ya Burundi. Mwami Mwezi Gisabo alimzuia. Warundi hawakusahau, na hawana sababu ya kusahau. Mtu akiniambia kwamba bibi yake alikiogopa Kiswahili, siwezi kumcheka. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kumtwika fundi wa Buyenzi au muuza misumari wa Asiatique dhambi za Rumaliza. Wengi wa wale walioitwa Waswahili katika mji huu hawakuwa wakamataji. Walikuwa wazao wa waliobebeshwa mizigo, wa waliotoroka, wa waliokombolewa, wa askari wa vyeo vya chini na wa wachuuzi wadogo. Lugha ya mfanyabiashara ilikuwa pia lugha ya mchukuzi. Kuikataa kwa sababu ya wa kwanza ni kumnyima wa pili historia yake kwa mara nyingine.

Wajerumani walipoweka kituo chao, hawakuanza kazi kwa Kijerumani. Katika Afrika Mashariki yote ya Kijerumani walitegemea Kiswahili kuendesha utawala, na Usumbura haikuwa tofauti: askari, karani, mkalimani na mpishi wa bwana mkubwa wote walikutana katika lugha hiyo. Pembeni mwa kituo wakakaa Wamanyema kutoka ng'ambo ya ziwa, watu wa Ujiji na Tabora, wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu waliofuata njia ya msafara kutoka pwani, na Warundi walioshuka kutoka milimani kutafuta kazi. Mrundi aliyekaa mjini, akajifunza lugha, pengine akasilimu na kuvaa kanzu, aliitwa Mswahili kama wengine. Yaani Uswahili hapa haukuwa kabila lililokuja kutoka mahali fulani likiwa kamili. Ulitengenezwa hapa hapa, kwa watu waliokuwepo na waliofika. Hilo ndilo jambo ambalo wataalamu wa pwani hutuambia kuhusu Lamu na Kilwa: kwamba Uswahili ni zao la mji. Kwa nini likiwa la Lamu liitwe ustaarabu, na likiwa la Bujumbura liitwe uvamizi?

Kisha ikaja reli. Mwaka 1914 reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Wabelgiji walipoiteka Burundi mwaka 1916, walirithi mji ambao mlango wake ulitazama kusini, ziwani. Hata wao, waliokuwa na Kongo nzima nyuma yao, waliona kwamba njia ya uhakika kwao ni ile ile, na mwaka 1921 walikubaliana na Waingereza kupewa sehemu zao za kupakia na kupakua mizigo katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam. Tangu hapo robota la nguo, gunia la chumvi au bati la nyumba lilishushwa Dar es Salaam, likapanda treni hadi Kigoma, likapanda meli hadi Usumbura, na kwenye kila kituo lilihesabiwa na watu waliosema moja, mbili, tatu. Kahawa yetu ilirudi kwa njia hiyo hiyo. Tunapoambiwa kwamba Burundi ni nchi ya Kifaransa iliyojiunga na Afrika Mashariki mwaka 2007, tukumbuke magunia hayo. Yalijiunga mapema zaidi.

Sasa tuifikie ramani. Wabelgiji waliupanga mji kwa ngazi. Wazungu walipewa Rohero, penye upepo na bustani. Wahindi na Waarabu walipewa mtaa wao wa biashara, wakauita Asiatique, neno la Kifaransa lenye maana ya "wa Asia". Waafrika walipelekwa Buyenzi, iliyoitwa kijiji cha Waswahili, na Bwiza, iliyoitwa Belge. Baadaye, katika miaka ya 1950, ikajengwa Ngagara, ambayo wazee wanaiita OCAF hadi leo, kwa jina la ofisi ya serikali iliyoijenga. Katika Buyenzi hata majina ya njia hayakutolewa; zilipewa namba. Mtu wa Rohero aliishi katika barabara yenye jina la mfalme au la mti. Mtu wa Buyenzi aliishi avenyu ya 5 au ya 12.

Baada ya uhuru tulibadilisha Usumbura kuwa Bujumbura. Mwaka 2014 na 2015 tarafa za mji zilipounganishwa, Rohero, Bwiza na Buyenzi zikawekwa pamoja ndani ya Mukaza. Lakini Asiatique imebaki Asiatique, na tumelizoea jina hilo kiasi kwamba hatulisikii tena. Simwombi mtu yeyote alifute. Jina baya likifutwa, ushahidi nao hufutika. Ninaomba tulisikie. Linasema kwamba watu wa mtaa huu ni watu wa bara jingine.

Nenda basi ukawatazame. Asubuhi Asiatique ni malori yanayorudi nyuma kwa kelele, wachukuzi wenye magunia mabegani, vijana wa mikokoteni, makarani wenye daftari za nakala, akina mama wenye ndizi na maparachichi kwenye beseni, wateja kutoka mikoani wanaonunua kwa jumla mabati, rangi, betri na sabuni. Wengi wao hawana hata jamaa mmoja aliyewahi kukanyaga Asia. Na hata wenye maduka ambao babu zao walitoka Gujarat au Omani, wengi wamezaliwa hapa, na wazazi wao walizaliwa hapa. Nilimuuliza mzee mmoja anayeuza vyuma, kwa adabu zote, "Mzee, nyinyi asili yenu ni watu wa wapi?" Akaniangalia kwa muda, akasema, "Babu yangu alikuja na meli, mwanangu. Mimi sikuja. Mimi nilizaliwa." Kisha akamwita kijana wake, Mrundi, amletee kipimo, akamwita kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kiswahili, na mteja aliyetoka Kayanza akaingilia mazungumzo kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kirundi. Hakuna aliyeona ajabu. Katika chumba kile aliyekuwa mgeni ni mimi na swali langu.

Tusisahau pia jinsi Kiswahili kilivyoshushwa. Chini ya Wabelgiji elimu iliachwa mikononi mwa wamisionari, na wamisionari wa Kikatoliki walikiona Kiswahili kuwa lugha ya Uislamu. Walikuwa na sababu zao, na kazi waliyoifanya kwa Kirundi ni kubwa, sikatai. Lakini matokeo yake mjini yalikuwa haya: mzazi Mwislamu aliyeogopa mwanawe kubatizwa shuleni alimwacha nyumbani, na mtoto aliyeachwa nyumbani hakuwa karani. Akawa dereva, fundi wa magari, mshonaji, mchuuzi. Baada ya kizazi kimoja au viwili watu wakasema: hao Waswahili hawapendi shule, wanapenda ujanja wa barabarani. Mlango ulifungwa, kisha aliyefungiwa akaitwa mtu wa nje. Hadi leo, katika Kirundi cha kila siku, kumwita mtu Mswahili kunaweza kuwa na maana kwamba ni mwongo au tapeli. Tunacheka. Sisi tunaosoma lugha hii tunacheka pia, kisha tunaingia darasani kuchambua methali.

Waliolipa neno hilo maana ya utapeli wangeshangaa kusoma historia ya uhuru wetu. Mwaka 1957, Mwanamfalme Louis Rwagasore alipoanzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, wale waliojulikana kwa herufi CCB, nguvu yake kubwa ilikuwa ni wafanyabiashara Waswahili wa mji huu. Hawakuwa na shahada. Walikuwa na maduka madogo, uzoefu wa kukopeshana kwa kuaminiana, na hamu ya kutotegemea tena wauzaji wa jumla waliopendelewa na serikali ya kikoloni. Rwagasore aliijua njia ya kwenda Buyenzi wakati ambapo watu wa hadhi yake hawakuwa na shughuli huko. Alipopigwa risasi na kufa katika mji huu tarehe 13 Oktoba 1961, chini ya mwezi mmoja baada ya chama chake kushinda uchaguzi, kulia kwa Buyenzi hakukuwa kulia kwa wageni. Leo barabara kuu ya katikati ya mji ina jina lake. Ni haki. Lakini katika vitabu vya shule, wale waliokuwa pamoja naye tangu mwanzo wamekuwa "wananchi" tu, bila lugha na bila mtaa.

Na kuna jambo jingine ambalo ni zito zaidi. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, mji huu ulipasuka. Mtaa baada ya mtaa ukawa wa kabila moja. Kuvuka daraja kulikuwa kuhatarisha maisha. Buyenzi ilibaki imechanganyika. Watu wa makabila yote waliendelea kuishi humo, na waliokimbia kutoka kwingine walifichwa humo. Sitaki kusema kwamba lugha huokoa watu. Rwanda na Kongo zimetufundisha kwamba watu wanaweza kuuana kwa lugha moja. Dini ilikuwa na sehemu yake, na viongozi wa mtaa walikuwa na sehemu yao. Ila Mswahili wa Bujumbura alikuwa na kitu ambacho wengine walikuwa wamenyang'anywa siku zile: jina la kujiita ambalo halikuwa Mhutu wala Mtutsi. Mtaa uliodharauliwa kwa sababu watu wake "hawajulikani asili yao" ndio uliokuwa na nafasi ya kumhifadhi aliyewindwa kwa sababu ya asili yake. Kama hilo si jambo la kufundishwa katika nchi hii, sijui ni lipi.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni kwamba Burundi ina Kirundi, lugha inayoeleweka na nchi nzima, jambo ambalo jirani zetu wengi wanatuonea wivu. Kwa hiyo kukipigania Kiswahili ni kuleta mgawanyiko. Ni jibu zito, na mimi ni Mrundi ninayeota ndoto kwa Kirundi. Lakini sijaomba Kirundi kiondoke mahali. Mwaka 2014 sheria ya lugha iliongeza Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa, na sikusikia kelele kwamba nchi itagawanyika. Kiswahili, ambacho kingekuwa rahisi kwa mchukuzi wa Asiatique kuliko Kiingereza na Kifaransa vikiwekwa pamoja, kilibaki kuwa somo la shule. Kama hofu ilikuwa ni lugha za nje, mbona ile ya mbali zaidi ndiyo iliyofunguliwa mlango?

Jibu la pili linatoka karibu zaidi, kwetu sisi wenyewe. Linasema: Kiswahili cha Buja si Kiswahili, ni mchanganyiko. Hapa naomba walimu wetu wanivumilie. Tumefundishwa kwamba majani ya muhogo ni kisamvu, wakati mama zetu hupika sombe. Tumefundishwa mchicha, wakati sokoni tunauliza lengalenga. Tunaandika dagaa kwenye mtihani, kisha tunakwenda kula ndagala. Pesa kwetu ni faranga, mtaa ni kartie, duka dogo ni butiki. Nilipoandika "ndagala" katika insha, nilichorewa mstari mwekundu. Sikatai Kiswahili sanifu. Insha hii nimeiandika kwacho, na bila hicho msomaji wa Mombasa asingenielewa. Lakini Kiunguja kilichofanywa msingi wa usanifu nacho kilikuwa lahaja ya watu wa mji mmoja wenye bandari, waliochanganya Kibantu, Kiarabu, Kihindi na Kireno bila kuomba radhi. Wao walichanganya, ikawa lugha. Sisi tumechanganya, imekuwa kosa. Tofauti ni kwamba wao waliandikwa na sisi hatujaandikwa, na kazi ya kuandika ni yetu, si ya Wajerumani wala ya Wabelgiji.

Jibu la tatu ni la watu wa vitendo. Wanasema: acheni historia, Kiswahili kina faida kwa sababu ya soko la Afrika Mashariki, na hiyo inatosha. Hawa ni marafiki wa Kiswahili, lakini ni marafiki hatari. Wanakifanya kuwa kama pasi ya kusafiria: unakichukua ukienda Kigoma au Nairobi, ukirudi unakiweka kabatini. Wakati huo huo biashara ya mji wenyewe inakwenda kwa lugha hiyo kila siku. Soko Kuu lilipoungua tarehe 27 Januari 2013 na mali za maelfu ya watu zikateketea, wachuuzi walitawanyika kila upande, wakapanga bidhaa barazani mwa maduka na katika masoko mengine, wakaanza upya kwa mkopo wa mdomo. Mkopo wa mdomo unahitaji lugha ambayo mkopaji na mkopeshaji wote wanaiamini. Mara nyingi ilikuwa hii. Sasa kwa kuwa Bujumbura inaitwa makao makuu ya kiuchumi, ingefaa mtu aulize uchumi huo unazungumza nini.

Wenzangu, lawama siwezi kuzimaliza kwa serikali, kwa Wabelgiji na kwa wamisionari. Sisi tumechagua somo hili. Tunajua mashairi ya watu wa pwani kwa moyo, na hatujui jina hata la mshairi mmoja wa Buyenzi. Tunaweza kueleza jinsi jahazi linavyoundwa, na hatujawahi kuwauliza wavuvi wa ziwa letu wanaziitaje sehemu za mtumbwi wanaotumia usiku kuvua ndagala kwa taa. Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na katika kamusi tunazotumia hakuna maneno ya watu wanaoishi juu ya kina hicho. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tumeuacha mbacha wetu kabla hatujajua umefumwa vipi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu. Kwanza, angalau sehemu ya tasnifu zinazoandikwa kila mwaka na wanafunzi wa Kiswahili wa hapa zihusu Kiswahili cha hapa: cha Asiatique, cha Buyenzi, cha Bwiza, cha Rumonge, cha bandarini. Pili, tuwasikilize wazee na kurekodi sauti zao sasa hivi, maana waliouona mwaka 1961 wakiwa na akili ya kukumbuka wamebaki wachache, na kila msiba wa Buyenzi ni daftari linalozikwa. Tatu, walimu wetu wanaposahihisha, watenganishe kosa na neno la mahali. Nikiandika "watoto anacheza", nichorewe mstari. Nikiandika "sombe", niulizwe neno limetoka wapi, na niwe na wajibu wa kujibu.

Zoezi lile la "Mji wa Waswahili" mimi niliandika juu ya Unguja, nikapata alama nzuri. Nilieleza Forodhani vizuri kiasi kwamba mwenzangu mmoja aliniuliza nilikwenda lini. Sijakwenda. Siku ile niliyoandika nilikuwa nimetoka kununua kufuli Asiatique, na muuzaji alinipunguzia faranga mia tano kwa sababu, alisema, nazungumza vizuri kama mtu wa hapa. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani, nikafungua daftari na kuandika juu ya mji wa watu wengine. Zoezi hilo likitolewa tena mwaka ujao, naomba wadogo zetu watakaolifanya waanze na kufuli hilo.